Swali Lako la Chakula cha Voronezh

Koku mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kujuliana hali. Yako naijua: hujaongea na mimi vizuri tangu mwezi wa pili, unakula umesimama pale jikoni ukiangalia simu, na kesho saa tano asubuhi unapanda ndege kwenda kwa mama yako, Voronezh, Urusi. Yangu utaiona mwenyewe huko mbele.

Umekwenda Cedar Hill kumuaga shangazi yako Edina, na hapa Mesquite, Texas, nimebaki mimi na friji linalonguruma. Begi lako kubwa la bluu umelisimamisha karibu na mlango. Kila nikiinua macho naliona. Leo nimetoka kazini mapema. Nilimwambia msimamizi wa ghala kwamba tumbo linaniuma, na wala sikumdanganya sana. Nimeegesha foklifti, nimekuja, nimekaa hapa kwenye meza ya kulia na viatu vya kazi bado viko miguuni.

Nakuandikia Kiswahili. Unakisoma polepole, najua, lakini safari yako ni ndefu na ndani ya ndege hakuna pa kwenda. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kukubali na kuomba radhi. Nikikitumia hapa nitaonekana mtu mwenye adabu kuliko nilivyo.

Sitakuambia habari za koti, wala pasipoti uifiche wapi, wala watu gani uwaogope. Edina ameshakuimbia hayo mpaka umeyachoka, na una miaka ishirini na miwili. Nataka kujibu swali. Tangu ugundue uliyogundua umeniuliza maswali mawili tu. La kwanza nilikujibu vibaya, nitalirudia. La pili uliniuliza siku ile tulipotoka Houston kuchukua viza yako.

Ulinichukua kwa sababu cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa Kirusi, ukahofia watu wa ubalozi wakiuliza kitu hutajua kujibu. Hawakuuliza kitu. Nilikaa pale kwenye kiti nimeshika kofia mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Tukarudi. Hiyo barabara unaijua, saa nne nzima ni malori na mabango, na redio uliizima. Karibu na Corsicana ukaingia kituoni kujaza mafuta, ukatoka na sandwichi moja ya nyama ya kuchoma, ukaikata, ukanipa nusu bila kunitazama. Nusu yangu ilikuwa kubwa kuliko yako. Niliona, Koku. Halafu ukauliza, umekazia macho usukani: "Baba, where do people eat over there? Ni bei gani?"

Nikasema, "Ni kawaida tu."

Jamani! Mimi Mhaya! Tanzania nzima inatucheka kwa kupenda kujieleza. Mtu akituuliza njia ya sokoni tunaanzia kwenye shahada zetu. Halafu mtoto wangu ananiuliza kitu baada ya miezi miwili ya kununiwa, nampa maneno matatu. Ukasema "Okay," ukawasha gari, na mpaka Mesquite hatukuongea tena.

Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo. Siwezi kusema habari ya kula Voronezh bila kumsema mama yako, na wewe na mimi hatujawahi kumsema mama yako hata siku moja tukamaliza. Haya basi. Ngoja nijibu.

Mahali pa kwanza pa kula ni stolovaya. Ni kantini, ndivyo utakavyoielewa. Unachukua trei, unaisogeza kwenye reli, unaonyesha kwa kidole: supu, saladi ya kabichi, kipande cha nyama au samaki, viazi au grechka, glasi ya matunda yaliyochemshwa wanayoita kompoti. Grechka ni nafaka ya kahawia, punje ndogo, utaichukia wiki ya kwanza na wiki ya tatu utaitafuta. Mkate unaulipia kwa kipande, usishangae. Mwisho yupo keshia. Hakuna bakshishi pale, ukiacha hela mezani watakufuata barabarani wakurudishie.

Bei ninazozijua mimi ni za kale, za wakati ruble ilikuwa na masifuri mpaka unachanganyikiwa. Kwa hiyo nimemuuliza Mrundi mmoja wa kazini ambaye mdogo wake anasomea udaktari kulekule Voronezh. Anasema mchana unashiba kwa ruble mia mbili na hamsini, dola nne hivi. Hapa Mesquite dola nne zinakupa soda na viazi vya pakiti. Basi la mjini ni senti, si dola. Maziwa, mkate, mayai, viazi, vyote rahisi. Matunda wakati wa baridi ndiyo ghali, na parachichi usiliulize, utalia. Kwa hiyo tumbo lako halitalala njaa huko, hata kwa hela za akiba yako ya kazi ya Plano. Hilo liondoe moyoni.

Mimi nililala njaa. Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Nilifika Voronezh kusomea uinjinia nina miaka ishirini na mmoja, koti nimeazimwa, na kiburi cha Bukoba nzima kimenijaa kichwani. Hela ya serikali ilikuwa inachelewa, miezi mingine haikuja kabisa. Wenzangu waliomba, walikopeshana, walipika pamoja viazi kwenye ndoo. Mimi hapana. Mimi nilikuwa naingia kantini ya chuo, nachukua chai na grechka tupu, na mtu akiniuliza nasema nimeshiba, nimekula sana asubuhi. Si unajua tulivyolelewa? Chakula cha watu unakikataa kwanza. Unasema umeshiba hata kama utumbo umeshikana. Anayekupenda atakubembeleza mara ya pili, ya tatu, ndipo unanawa. Basi mimi nikawafanyia hivyo Warusi, na Warusi wa kwenye foleni hawana muda wa kubembeleza. Nikakonda mpaka saa inazunguka mkononi.

Kulikuwa na msichana wa kupakua, mfupi, kofia nyeupe, hana kicheko. Siku moja nimekaa na grechka yangu, kijiko kikagonga kitu. Nyama. Imefukiwa chini kabisa, keshia asiione. Nikadhani ni makosa. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikainuka na sahani yangu, mbele ya foleni yote nikairudisha juu ya kaunta, nikasema kwa Kirusi changu kilichovunjika, "Mimi sikuagiza nyama."

Akanitazama. Akasema, "Kula, mjinga wewe."

Ndilo neno la kwanza mama yako aliloniambia. Nilikaa nikala, machozi yakichuruzika kwenye sahani, na kwa aibu nikasema ni pilipili. Pilipili, Urusi! Alicheka siku hiyo. Galina akicheka anafunika mdomo kwa mkono wa kushoto, na wewe unafanya hivyohivyo, na kila ukifanya mimi huwa naangalia pembeni.

Tuendelee na swali. Moscow utalala usiku mmoja, na pale ndipo hela hukimbia. Usile chakula cha jioni kwenye mitaa ile mikubwa ya katikati. Kahawa tu ni ruble mia tatu na mlo wa usiku elfu moja na nusu na zaidi. Kula sana mchana. Kuanzia saa sita hadi saa kumi migahawa mingi, hata ile ya maringo, ina mlo maalumu wanaouita biznes lanch, supu na saladi na chakula na kinywaji, ruble mia nne hivi. Jioni nunua shaurma stesheni, ile nyama iliyoviringishwa kwenye mkate mwembamba. Ukiona mgahawa wa Wajojia, watu wa Georgia, ingia, mkate wao una jibini ndani na yai juu. Ukiona wa Wauzbeki, ingia haraka zaidi, maana wana pilau. Wanaiita plov, karoti nyingi, haina iliki, lakini ukifumba macho uko nyumbani kwenye sherehe. Mama yako alinipeleka kula plov siku alipotoka hospitali na wewe. Ulikuwa na siku tano, umefungwa kama mkate, tumekulaza kwenye kiti cha tatu. Mzee wa pale akaja na sahani ya ziada akaiweka mbele yako, akasema mgeni asikae bila sahani. Nilikuwa na raha siku ile, Koku. Nataka ujue ilikuwepo. Hukuzaliwa kwenye ugomvi.

Mahali pengine pa kula ni mezani kwa mama yako. Pale hulipi, na pale ndipo ninapoogopa.

Atakuwekea supu, na ukimaliza atakuwekea nyingine, halafu ataanza kuleta chakula chenyewe. Tafadhali usimwambie umeshiba. Nimekufundisha vibaya hilo neno, nimekusikia ukilitumia kwa watu, "no no, I'm good", na najua limetoka kwangu. Kwake lile neno lina historia. Nyoosha sahani. Na chai akikupa na maziwa, atayachuja kwanza. Usimzuie.

Nakumbuka jibu lake la kwanza lilivyokuja kwenye simu yako. Ulikuwa umechimba jina lake kwenye cheti, umelitafuta kwenye mtandao wao, umemwandikia kwa kile kitu cha kutafsiri. Zikapita dakika ishirini. Mimi nilikuwa naosha vyombo, sijui lolote. Ukaja ukanisimamishia simu usoni. Mwanamke ambaye hakukuona miaka kumi na minane hakuuliza unaishi wapi, wala unafanya kazi gani, wala kwa nini sasa. Aliandika: "Bado unachukia utando wa maziwa?"

Na mimi nimekuona maisha yako yote ukitoa utando kwenye chai kwa ncha ya kijiko, ukiupaka pembeni ya kisahani, na siku zote nilisema umerithi kwa bibi yako Bukoba. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Sahani ilinitoka mkononi ikavunjika, ukadhani nimekasirika.

Ndipo ukauliza lile swali la kwanza. "Did she give me up? Yes or no."

Nikasema, "Alisaini."

Mwanangu, mimi ni mwongo wa aina mbaya kuliko wote, mwongo wa kusema kweli nusu. Ni kweli alisaini. Ilikuwa mwezi wa nane, una miaka mitatu na nusu. Mambo yangu kule yalikuwa yameharibika. Injinia mzima nauza majaketi sokoni, nimepigwa mara mbili kituo cha basi na vijana kwa sababu ya rangi yangu, na jioni narudi kwenye chumba kimoja kinachonuka kabichi. Nikasema naenda kukuonyesha kwa mama yangu kabla hajafa. Mwezi mmoja. Kwao mtoto hatoki nchini bila karatasi ya mzazi, kwa hiyo tulikwenda kwa mwanasheria, akaandika ruhusa ya siku thelathini, na tarehe ya kurudi. Galina akaisaini na kuniuliza njiani, "Thelathini zinatosha?" Nikamwambia zinatosha kabisa.

Asubuhi ya kuondoka akafanya kitu wanachofanya kwao. Mtu akisafiri, mlango haujafunguliwa, wote wa nyumba wanakaa chini kidogo, kimya, hata juu ya begi, ndipo anatoka. Bila hivyo wanasema safari haina kurudi. Akakaa juu ya begi letu, akakupakata, akanipisha nafasi kwa kiuno. Nikasema, "Galina, teksi inasubiri." Akasema, "Dakika moja." Nikasema, "Hiyo ni imani ya vibibi." Nikakuchukua mapajani kwake, nikavuta begi akiwa bado hajainuka vizuri. Mimi sikukaa.

Bukoba walikupokea kama mfalme. Mama yangu alikubeba mgongoni mkubwa hivyo, miguu yako inaning'inia. Halafu wazee wa ukoo wakakaa, wakanywa rubisi, pombe yao ya ndizi, wakaniambia mtoto ni wa upande wa baba, nimrudishe kwenye barafu akawe wa nani? Na mimi, ambaye kwenye kantini nilirudisha sahani kwa kiburi, pale sikuwa na kiburi hata kidogo. Niliitikia kwa kichwa. Maana Bukoba nilikuwa Injinia tena. Watu walinipisha kiti. Hakuna aliyenifuata kituo cha basi.

Ukiniuliza niliamua lini kutokurudi, nitakuambia sikuamua. Nilisema wiki mbili zaidi, uzoee jua. Halafu ukaugua malaria, nikasema upone. Halafu nikapata kazi Mwanza, nikasema nikusanye nauli. Nilikuwa naahirisha tu, na siku moja nikakuta kuahirisha kumekwisha kuwa maisha yangu, na ulikuwa umeshaanza kuniuliza mambo kwa Kiswahili. Kama kuna kitu nimejifunza duniani kwa gharama kubwa ni hicho. Ubaya wangu wote niliufanya kwa kusogeza tarehe, na kila usiku nililala vizuri.

Barua zake zilikuja posta ya Bukoba, Edina akawa anazileta. Ya kwanza iliuliza mnarudi lini. Ya pili iliomba nichore unyayo wako kwenye karatasi nimtumie, ili akununulie viatu vya baridi vitakavyokutosha ukifika. Nilikusimamisha juu ya karatasi, nikachora. Ulicheka, kalamu ilikutekenya. Sikuituma. Ya tatu sikuifungua. Baada ya hapo nikamwambia Edina asizichukue tena, na usimlaumu, alifanya nilichomwambia. Ndiyo maana tangu mwezi wa pili kila ukienda kwake anakupikia kupita kiasi na kulia chooni.

Nimebakiza moja, nayo ndiyo inayoniua.

Alipiga simu. Sijui namba ya ofisi yetu ya Mwanza aliitoa wapi, sijui alihangaika ofisi ngapi. Nikainua mkono wa simu, nikasikia kile kimya cha mbali kilichokuwa kinakuja kwanza kwenye simu za nje wakati ule, halafu sauti yake. "Deo? Deo, ni wewe?" Kwa Kirusi. Karani alikuwa amesimama mbele yangu na mafaili. Nami nikajibu kwa Kiswahili, Koku, kwa Kiswahili ambacho yeye hakijui, nikasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Nilibadilisha na sauti, nikaifanya nzito.

Nilisikia anavuta pumzi. Amenilisha miaka saba yule mwanamke, ananijua kwa kikohozi tu. Alijua. Hakunitukana, hakulia, hakuuliza uko wapi. Akasema neno moja polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi: "Mlishe."

Akakata.

Sasa unajua. Umelalamika tangu tulipohamia hapa Texas, ukiwa darasa la kwanza, kwamba baba wa wenzako wanauliza umefunga magoli mangapi, umepata rafiki gani, na mimi kutwa nauliza "Umekula?" Ukiwa na homa, "Umekula?" Umefaulu, "Umekula?" Ulipolia kwa ajili ya yule kijana aliyekuacha, nikabisha hodi mlangoni kwako na bakuli la ndizi na nyama, ukanifungia mlango ukasema mimi sijui kuongea. Kweli sijui. Nilipewa amri moja na mtu niliyemkosea, na ndiyo pekee niliyoweza kuitii. Nilidhani nikikulisha vya kutosha itafika mahali itakuwa imelipa. Haikulipa kitu. Ulinenepa tu mashavu.

Na ulipokuwa na miaka saba, shuleni walipowatengenezesha kadi za akina mama, ukaniuliza yako umpe nani. Nikasema mama yako alichagua kubaki kwao. Ukafikiri kidogo, ukasema sawa, nitampa shangazi. Nilikwenda bafuni nikafungua maji yakamwagika ili usinisikie nikilia.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea vitu vinne. Karatasi ya mwanasheria, tarehe ya kurudi unaiona pale chini, soma mwenyewe au mwambie akusomee. Barua mbili nilizozifungua, na mchoro wa unyayo uko ndani ya ile ya pili. Na ile ya tatu, imefungwa vilevile, sijui ina nini. Si yangu kuifungua. Nimeihamisha nyumba nne na bara moja nikiiogopa kama ina meno.

Tiketi yako ni ya kurudi baada ya miezi mitatu. Nimeiangalia leo mara nyingi. Sitakudanganya kwamba niko tayari. Roho inaniuma mpaka nimeshika meza. Lakini najua ahadi ya kurudi inavyokuwa mdomoni mwa mtu anayeondoka. Kwa hiyo wewe usiniahidi. Ukitaka kubaki, baki, na usinitafutie sababu, wala usiniandikie wiki mbili zaidi, wiki mbili zaidi. Niambie neno moja, nitaelewa. Na sitakuuliza kama umekula. Ukishafika kwake yupo mwenye haki ya kuuliza, na mimi kazi hiyo nilikuwa nimemshikia tu.

Mpango wangu ulikuwa kuichomeka hii bahasha kwenye mkoba wako wa mkononi, uisome juu ya bahari, wakati ambapo huwezi kunipigia kelele na mimi sioni uso wako. Nimeshaandika pale juu, umeona, habari za ndege. Niliinuka kwenda kuichomeka. Nikasimama na mkoba wako mkononi, nikajisikia ile sauti nzito niliyoifanya kwenye simu. Nikaurudisha mkoba.

Kwa hiyo naiacha hapa mezani, chini ya taa, na jina lako juu. Utaisoma leo, mimi nikiwepo. Kama utapiga kelele, piga, majirani watazoea. Kama utataka Edina ndiye akupeleke uwanja wa ndege, funguo za gari langu ziko hapo, nenda kamchukue. Sitasema teksi inasubiri.

Naona taa za gari la Edina zinaingia kwenye maegesho, anakurudisha. Natoka mezani. Nitakuwa pale mlangoni, nimekaa juu ya begi lako. Nimelijaribu, ni gumu, lina nafasi ya watu wawili.

Baba